Mlima Uliojichora Wenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda kwa miguu kutoka barabara ya lami, sanduku kichwani, kwa sababu gari la shule lilikuwa limekosa tairi na mvua ilikuwa imeharibu njia. Shule ilikuwa ya wasichana, ya kanisa, juu ya mashamba ya kahawa, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia hadi darasani. Mkuu wa Shule wa wakati huo, mama wa makamo aliyevaa sweta mwaka mzima, alisoma barua yangu ya kupangiwa kazi, kisha akanitazama kuanzia viatu vyenye tope.

"Unafundisha nini, Mwalimu Ndeshi?"

"Hisabati na Fizikia, Mkuu."

"Wasichana wangu wanaogopa Hisabati. Usiwaongezee hofu."

Hayo ndiyo yalikuwa maelekezo yangu yote. Nilikabidhiwa chaki, rula ya mbao ya mita moja na bikari kubwa ya ubaoni ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya.

Ninyi mnaofundisha leo hamjui kazi ya kuchora grafu kwa chaki. Tulikuwa na ubao mmoja uliopakwa mistari ya miraba, na mistari yenyewe ilikuwa imefutika nusu. Unakokotoa nukta, unaziweka moja moja, kisha unaziunganisha kwa mkono na kuomba Mungu mkono usitetemeke. Kipindi kilikuwa dakika arobaini, na mchoro mmoja ulikula nusu yake. Mwanafunzi akiuliza, "Je, namba hii ikibadilika, mchoro utakuwaje?" ilibidi ufute kila kitu uanze upya. Hukuwa na muda huo. Ulisema, "Utakuwa mwembamba zaidi," nao wakaandika kwenye madaftari, "mwembamba zaidi," bila kuuona. Nilifundisha hivyo miaka kadhaa, na wengi wao walifaulu bila kuelewa walichofaulu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, maduka ya Moshi mjini yalipoanza tena kuwa na sabuni na betri, shule ilipokea makreti kutoka kwa usharika rafiki wa kanisa letu huko ng'ambo. Pamoja nayo alikuja mhandisi mstaafu, mzee mpole aliyekaa nasi miezi mitatu, akala ndizi na maharage kama sisi, na kunifundisha kila alichokijua. Ndani ya makreti mlikuwa na kompyuta ndogo tatu.

Hazikufanana na hizi za leo. Kibodi na mashine yenyewe vilikuwa boksi moja, na boksi hilo liliunganishwa kwa waya na televisheni. Kwa wengi wetu hata televisheni ilikuwa kitu kipya, maana huku bara hatukuwa bado na kituo cha kurusha picha. Programu, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata moja baada ya jingine, zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zile za kurekodia kwaya. Ukitaka kuipakia programu, ulicheza kaseti kwenye redio, na kompyuta ikausikiliza mlio wake wa kukereza masikio kwa dakika kadhaa. Umeme ukiyumba katikati, ulianza upya. Umeme wa mlimani uliyumba kila siku.

Kilichonikamata mimi ni kuchora. Kioo cha televisheni kilikuwa kimegawanywa kwa nukta, ya kwanza ikiwa pembeni chini kushoto, kama karatasi ya grafu. Kulikuwa na agizo moja la kusogeza kalamu bila kuandika, na jingine la kuvuta mstari hadi nukta fulani. Ukiweka maagizo hayo ndani ya kitanzi, yaani kuiambia mashine irudie jambo lile lile huku ikibadilisha namba, mchoro mzima unatokea mbele ya macho yako. Siku mhandisi aliponionyesha hivyo, nilibadilisha namba moja tu, nikaona mchoro ukijibana. Nilikuwa nimesema "mwembamba zaidi" kwa miaka, na siku hiyo ndiyo nilipouona kwa mara ya kwanza mimi mwenyewe. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Sikutaka mzee wa watu anione nalia.

Mkuu wa kwanza alinipa chumba kilichokuwa stoo ya majembe na mafyekeo. Wasichana waliingia tisa tisa, watatu kwa kila mashine. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kugusa kibodi kabla hujakokotoa nukta zako kwenye karatasi ya grafu na kunionyesha. Kwa hiyo mashine haikufikiri kwa niaba yao, walifikiri wao. Ikikosea, kosa lilikuwa lao na walilitafuta. Hofu ile ambayo Mkuu aliniambia nisiiongeze, niliiona inapungua wiki kwa wiki.

Kulikuwa na msichana wa Kidato cha Pili akiitwa Aikande. Alitoka Sanya Juu, mama yake akiuza mahindi na maharage sokoni huko. Alikuwa mrefu, ana sauti kavu, na hakubali jibu mpaka alione. Niliwapa kazi ya kuchora mlima wetu kwa mistari ya nukta. Wote walichora vilele vya Kibo na Mawenzi, kama tunavyoviona kutoka upande wa Moshi. Aikande alichora Kibo peke yake na mteremko mrefu wa Shira ubavuni.

Wenzake wakacheka. "Mawenzi umeuacha wapi?"

"Kwetu hauonekani. Umefichwa na Kibo."

"Mlima bila Mawenzi ni mlima gani huo?"

"Ndio huo huo. Njoo usimame kwetu uone."

Nilimpa alama zote. Alikaa na programu ile muhula mzima akiiongeza: theluji iliyopungua na kuongezeka kwa kubadilisha namba moja, kivuli cha upande wa jua. Aliiandika katika daftari lake mstari kwa mstari, na mimi niliitunza kwenye kaseti. Nilikuwa na wanafunzi wengi werevu, lakini yule alikuwa ananifundisha hata mimi.

Kisha Mkuu wa kwanza akastaafu, akaja Mkuu wa pili.

Sitasema alikuwa mtu mbaya, maana kusema hivyo kungenirahisishia mambo. Alikuja wakati mgumu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, wazazi wanang'oa mibuni kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, wapande nyanya, na kila kona kulikuwa kunachipuka shule mpya ya binafsi yenye basi na jina la Kiingereza. Wazazi walianza kuchagua shule kama wanavyochagua kitambaa. Mkuu wa pili aliogopa madarasa matupu. Jambo la kwanza alilofanya ni kusimamisha kibao getini kilichoandikwa kwamba sisi ni shule ya kompyuta. La pili ni kubadilisha kufuli ya chumba changu na kuuweka ufunguo kwenye droo yake.

Nilimfuata ofisini.

"Mkuu, wasichana wana kipindi saa nne."

"Mwalimu, moja ya mashine zile tayari rangi ya kioo imeanza kufifia. Zikifa, getini nitaandika nini?"

"Lakini zimekuja ili zitumike."

"Zimekuja ili tuwe nazo." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mzazi akija, anafunguliwa mlango, anaziona. Inatosha. Wafundishe kwa ubao. Si ndivyo ulivyofundishwa wewe?"

Zikashonewa vitambaa vyeupe vyenye maua ya kudarizi pembeni, kama vya makochi ya sebuleni. Kila baada ya majuma kadhaa nilipewa ufunguo nikafute vumbi. Nilirudi kwenye ubao wa miraba. Aikande, wakati huo Kidato cha Tatu, aliniuliza mara tatu lini tutafungua. Mara ya tatu nilimkaripia. Nilimkaripia kwa sababu sikuwa na jibu, na yeye alilijua hilo.

Mwaka huo usharika rafiki ukaandika kwamba wajumbe wao watakuja kuona matumizi ya mashine, na wakiridhika watatuma nyingine kumi, za kisasa. Mkuu wa pili aliniita.

"Andaa kitu cha kuonyesha. Wasichana watatu, nadhifu, wanachora kwenye kompyuta."

"Mkuu, hawajagusa mashine karibu mwaka mzima. Nipe majuma matatu ya ufunguo, watakumbuka."

"Huna majuma matatu. Wanakuja Alhamisi. Wewe ndiye mtaalamu. Fanya iwezekane."

Nikafanya iwezekane. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, ninyi mnaoanza kazi.

Nilichukua programu ya Aikande kwenye kaseti. Nikaondoa sehemu zote zilizokuwa zinamsubiri mtu aandike namba. Badala yake nikaweka vitanzi vitupu, yaani vinavyoifanya mashine ihesabu tu bila kufanya kitu, ili mistari itokee polepole, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa mtu anayeandika. Vidole vikigonga kibodi, programu haikujali. Mchoro ungeendelea tu hadi mwisho. Mkuu alipokuja kuangalia, alifurahi sana, ila akasema, "Mawenzi uko wapi? Wageni wanataka mlima kama ulivyo kwenye kadi za posta." Nikaongeza Mawenzi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kuandika kwenye mashine zile, na nilipoimaliza nilijisikia fahari. Hilo nalo sitalificha.

Aikande alichaguliwa kuwa mmoja wa watatu kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri, wageni wakiuliza. Jumatano tulifanya mazoezi.

"Mwalimu, tunabonyeza nini?"

"Chochote. Bonyeza polepole, angalia kioo."

Akabonyeza. Akatazama mistari inavyotokea. Aliutambua mlima wake kabla haujafika nusu. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Basi anayechora ni nani?"

"Aikande, ni kesho tu. Wakituletea mashine kumi, nitamwambia Mkuu kila mtu apate zamu yake."

"Atakubali?"

"Bonyeza," nikamwambia.

Wageni walikuja watano, pamoja na mchungaji na wajumbe wa bodi ya shule. Chumba kilinukia nta ya sakafu. Wasichana watatu walikaa kwenye viti, mimi nikasimama nyuma ya Aikande, Mkuu wa pili mlangoni. Milima mitatu ikaanza kupanda kwenye vioo vitatu. Wageni wakapiga makofi madogo. Mama mmoja mgeni, mwenye miwani, aliinama karibu na Aikande akamwuliza kwa Kiingereza kama anaweza kuiongeza theluji kidogo, maana ilionekana haba.

Aikande aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi akaiweka mapajani. Mlima ukaendelea kujichora. Ukamaliza Kibo, ukashuka, ukaanza kupanda Mawenzi, na yeye amekaa tu.

"Siwezi," alisema, kwa Kiingereza kilichonyooka. "Programu hii haisikilizi. Ile niliyoandika mimi iliweza, lakini hatujaingia chumba hiki karibu mwaka. Hufungwa."

Hakusema kwa hasira. Aliulizwa swali, akalijibu, kama nilivyomfundisha.

Mkuu wa pili akacheka kwa sauti. "Huyu binti ana utani sana." Wajumbe wa bodi wakacheka naye. Yule mama mgeni hakucheka. Alisimama wima, akanigeukia mimi.

"Mwalimu, ni kweli?"

Nilikuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini. Sikuwa mtoto. Nilimwona Mkuu wa pili kwa pembe ya jicho, na niliona kila kitu kwa upana wake: kibao cha getini, mashine kumi, nyumba yangu ya shule yenye maji ya bomba. Nikasema:

"Huyu ni mwanafunzi dhaifu kidogo. Somo hili linamshinda, ndiyo maana anasema hivyo."

Aikande hakugeuka. Masikio yake tu niliyaona yakibadilika rangi.

Kikao cha nidhamu kilikaa Jumatatu. Kosa liliandikwa kuwa utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Tulikuwa walimu sita, mimi mmojawapo. Mwalimu wa Jiografia peke yake aliuliza, "Alisema uongo gani hasa?" Mkuu wa pili akamjibu kwamba hatukukutana kujadili uongo, tulikutana kujadili nidhamu. Muhtasari ulipitishwa mezani, kila mtu akasaini. Nilisaini wa nne. Aikande akaondolewa bwenini, mzazi akatakiwa amtafutie shule nyingine.

Mama yake alikuja kutoka Sanya Juu, amevaa kitenge cha kanisani. Alinikuta nje ya ofisi ya walimu.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Mwanangu ameniambia alisema kweli, na ameniambia wewe unaijua. Nimekuja kukuuliza wewe tu. Ni kweli au si kweli?"

"Mama, uamuzi ni wa Mkuu."

"Sikuuliza uamuzi."

Nikamwambia nina kipindi. Nikaenda darasani, na sikuwa na kipindi. Nilikaa kwenye darasa tupu mpaka nikaona kupitia dirishani wanaondoka, mama amebeba godoro, binti amebeba sanduku.

Barua ya uhamisho ilicheleweshwa ofisini miezi mingi. Bila barua, shule nyingine hazikumpokea. Hilo nalijua kwa sababu karani aliniambia, na nilipoambiwa nilisema, "Pole yake," nikaendelea kusahihisha.

Mashine kumi zilikuja. Zilikuwa na kipanya, rangi nyingi na programu ya kuchorea ambayo hata mtoto wa chekechea angeweza kuitumia. Nikafanywa Mkuu wa Idara ya Kompyuta. Nilipelekwa semina Arusha, nikapewa vyeti, nikaombwa kuwafundisha walimu wa shule nyingine jinsi ya kutumia michoro katika Hisabati. Nilifundisha vizuri. Walimu waliandika. Miaka ya mwanzo mashine mpya nazo zilifunikwa vitambaa, kisha taratibu zikafunguliwa, lakini kwa kuchapa mitihani na barua za ofisi. Sikuwahi kumwambia Mkuu kuhusu zamu za wasichana. Nilikuwa nimeshamwonyesha kwamba naweza kunyamaza, na mtu akishakujua hivyo hana sababu ya kukusikiliza.

Miaka ya elfu mbili akaja kijana mwenye shahada ya kompyuta. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo, Mama," akachukua idara, na mimi nikarudishwa kufundisha Kidato cha Kwanza. Wenzangu walinionea huruma, wakidhani hicho ndicho kilichonitia uchungu. Kijana yule aliwafungulia wasichana chumba. Alifanya hivyo juma lake la kwanza, bila kumwomba mtu. Alikwenda kwa Mkuu yule yule wa pili, akataka ufunguo, akapewa. Nilikuwa koridoni nikaona. Nimeupima muda aliotumia ofisini mara nyingi kichwani mwangu. Ulikuwa mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Nilistaafu. Tulikula mtori wa ndizi na nyama ya kuchoma, nikapewa vitenge na saa ya ukutani. Mkuu wa Shule wa wakati huo, wa tatu kwangu, aliniita mwanzilishi wa kompyuta shuleni, jasiri aliyefungua njia kwa wasichana. Watu wakasimama wakapiga makofi. Niliinuka kujibu nikiwa nimeamua kusema kweli. Nikashukuru kamati ya maandalizi, nikaketi.

Nilihamia Rau, karibu na Moshi mjini, ninakoishi hadi sasa, na mwaka uliofuata kustaafu kwangu nilipanda basi kwenda Sanya Juu. Haikuwa vigumu kumpata. Aikande ana duka la pembejeo karibu na soko, anauza mbegu na dawa za mifugo. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alinitambua nikiwa bado nje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Aikande."

Alinipa kiti, akaagiza chai. Alinieleza bila kuficha: alikaa nyumbani miaka mitatu, akauza mahindi na mama yake hadi mama alipofariki, akafanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara mbili. Hisabati alifaulu mara zote mbili. Yaliyomwangusha mara ya kwanza ni masomo ambayo hakuwa na vitabu vyake. Kisha maisha yakaendelea. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikayasema yote, hata ile fahari niliyoisikia nilipokuwa nairekebisha programu yake.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Mkuu sikumshangaa," alisema. "Yule nilijua atanifukuza. Lakini nilisema kwa sababu nilijua wewe upo nyuma yangu. Nilidhani nimeanza tu, na wewe utamalizia."

Nikamwambia nitaandika barua shuleni, kueleza lililotokea, iwekwe kwenye faili lake.

"Andika ukitaka, Mwalimu. Lakini hiyo itakuwa barua yako. Mimi sijakuagiza."

Mteja akaingia akitafuta dawa ya kupe. Aikande akainuka kumhudumia, akamweleza jinsi ya kuichanganya, akarudia maelezo mara ya pili mpaka alipohakikisha ameelewa. Nikamaliza chai yangu, nikaaga.

Barua niliiandika. Karani wa shule aliipokea, akaigonga muhuri, akaiweka mahali. Ni miaka sasa, hakuna aliyenijibu, na waalikwa wa mahafali wanaendelea kusomewa jina langu kama mwanzilishi. Walimu vijana hunijia hapa Rau kuniuliza kompyuta za kwanza zilikuwaje, nami nawaeleza kaseti, na nukta, na umeme uliokuwa ukiyumba. Wanafurahi, wanapiga picha na mimi. Kuhusu Aikande hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, na mimi, hadi leo ninapowasimulia ninyi, kila mara nimewaacha waondoke bila kuwaambia.